Kusoma Picha ya Eksirei ya Mkono: Mpangilio, Maradhi na Umri

Mhadhara kwa hadhira ya wasemaji wa Kiswahili, Skärholmen, Stockholm

Mkono wa binadamu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Minane midogo imejipanga kwenye kifundo, mitano mirefu imetanda kiganjani, na pingili 14 zinaunda vidole: mbili za kidole gumba, na tatu kwa kila kimoja cha vidole vinne vilivyobaki. Mifupa yote hiyo huenea katika picha moja ya eksirei, na kwa sababu hiyo picha huonekana nyepesi kusoma kuliko ilivyo. Jicho hukimbilia panapouma, likaona kasoro moja, likaridhika. Kasoro ya pili hubaki palepale, wazi kabisa, bila kuonwa na mtu.

Shabaha ya mhadhara ni kuonyesha jambo moja: kwamba picha ya mkono hutoa jibu la kuaminika pale inaposomwa kwa mpangilio, na pale inapoulizwa swali ambalo inaweza kulijibu. Nje ya masharti hayo mawili, hata picha nzuri hupotosha.

Mada hii ina mahali pake Skärholmen. Kituo cha biashara cha kitongoji hiki kilifunguliwa mwaka 1968, Sweden ilipokuwa ikijenga nyumba kwa wingi, na leo sehemu kubwa ya wakazi wana asili ya nchi nyingine, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki. Katika nyumba zao picha ya mkono huingia kwa njia tofauti. Mmoja ameteleza kwenye barafu akielekea kazini. Mwingine huamka vidole vimevimba na kukakamaa. Mwingine ni kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, na ofisi inataka kujua umri wake. Hoja saba zifuatazo zinawahusu wote.

1. Picha ni kivuli, na kivuli kina kanuni zake

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo alipiga picha ya mkono wa mkewe, na pete ikaonekana nyeusi ikizunguka mfupa wa kidole. Kwa hiyo mkono ndio sehemu ya mwili iliyoitambulisha eksirei kwa ulimwengu. Mwaka 1901 Röntgen alipokea Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia hapa Stockholm.

Mionzi hupita kwa urahisi katika hewa, kwa shida kidogo katika mafuta na nyama, na kwa shida zaidi katika mfupa wenye kalsiamu. Chuma huizuia karibu kabisa. Katika picha za kisasa, kilichozuia mionzi huwa cheupe na kilichoipitisha huwa cheusi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halionekani. Kinachoonekana ni nafasi yake tu, mstari mweusi kati ya mfupa na mfupa. Kano na ligamenti nazo hazionekani. Msomaji wa picha hutambua kuumia kwake kwa kutazama mifupa iliyohama mahali pake.

Kwa kuwa kivuli hulaza vitu vyote kwenye ubao mmoja, picha moja haitoshi. Jeraha la mkono hupigwa angalau pande mbili, na kwa kawaida tatu: kiganja kikiwa kimelazwa, kikiwa kimeinuliwa nusu, na kikiwa kimesimama ubavuni. Ufa usioonekana katika picha ya kwanza hujitokeza katika ya tatu. Jeraha la kidole kimoja linahitaji picha ya kidole hicho peke yake kutoka ubavuni, kwa sababu katika picha ya mkono mzima vidole hufunikana.

Wapo wanaoogopa mionzi, na hofu yao inastahili jibu. Kipimo cha athari ya mionzi mwilini huitwa siverti, kwa jina la Rolf Sievert, mwanafizikia aliyezaliwa Stockholm mwaka 1896. Picha ya mkono humpa mtu takriban milisiverti 0.001, kiasi ambacho mwili hukipata kutoka ardhini na angani kwa muda wa saa chache. Hata hivyo, udogo wa kipimo hauhalalishi kupiga picha bila sababu. Unamaanisha tu kwamba mwenye sababu nzuri hana haja ya kuikimbia.

2. Usomaji huanza kabla ya mifupa

Jambo la kwanza la kusoma ni maandishi ya pembeni: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku ya picha, na alama ya kushoto au kulia. Makosa mabaya kuliko yote katika radiolojia hayahitaji ujuzi mkubwa kuyazuia. Picha ya mtu mwingine, au ya mkono usiouma, ikisomwa kwa ustadi wote bado itatoa jibu baya.

Jambo la pili ni ubora. Picha lazima ionyeshe ncha zote za vidole pamoja na mwisho wa mifupa miwili ya kigasha: radiasi, iliyo upande wa kidole gumba, na ulna, iliyo upande wa kidole cha mwisho. Katika picha ya ubavuni, mifupa hiyo miwili inapaswa kulaliana. Ikiwa haijalaliana, mkono ulikuwa umepinda, na vipimo vyote vitakavyofuata vina shaka.

Jambo la tatu ni swali la daktari. Maneno “mkono unauma” hayamsaidii msomaji. “Alianguka jana akajikinga kwa kiganja, anaumwa chini ya kidole gumba” yanamwambia mahali pa kutazama mara mbili. Hapo mgonjwa ana mchango wake: namna alivyoumia, siku, mahali hasa panapouma, na kazi anayoifanya kwa mikono. Tarehe ya picha za zamani nayo ni muhimu, maana mara nyingi kulinganisha picha mbili hufichua zaidi kuliko kuikodolea macho moja.

3. Mpangilio hulinda jicho

Wasomaji wazoefu hufuata njia ileile kila mara, hata pale kasoro inapoonekana tangu mwanzo. Njia moja inayofaa ina hatua tano.

Kwanza, nyama. Uvimbe huonyesha mahali pa kuanzia. Hewa chini ya ngozi, vipande vya chuma, na vioo huonekana; vijiti na miiba ya miti mara nyingi haionekani, kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba jeraha halina kitu ndani.

Pili, mstari. Kila mfupa unapaswa kutazamana na mwenzake kiungoni. Kwenye kifundo, mwaka 1979 daktari wa Marekani Louis Gilula alieleza matao matatu laini yanayoweza kuchorwa kwa macho. Tao la kwanza hufuata ukingo wa upande wa kigasha wa safu ya kwanza ya mifupa, yaani skafoidi, lunati na trikwetramu. La pili hufuata ukingo wa upande wa vidole wa mifupa hiyohiyo. La tatu hufuata vichwa vya kapitati na hamati, mifupa ya safu ya pili. Tao likikatika, mfupa umevunjika au ligamenti imechanika. Nafasi kati ya mfupa mmoja na mwingine zinapaswa kulingana. Nafasi ya zaidi ya milimita 3 kati ya skafoidi na lunati inatosha kuamsha shaka.

Tatu, mifupa. Kila mmoja huzungukwa kwa macho ukingoni kote, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka: kuanzia kigasha, kwenda kifundoni, kiganjani, kisha pingili kwa pingili hadi ncha. Ukingo mweupe wa mfupa ni mstari usiokatika. Palipokatika, palipopinda ghafla au palipojikunja, pana habari.

Nne, viungo. Hutazamwa upana wa nafasi ya gegedu, ulaini wa kingo, na vijishimo au vijipembe vilivyoota.

Tano, weupe wa mifupa kwa jumla. Mifupa iliyofifia kila mahali huashiria upungufu wa madini. Iliyofifia karibu na viungo tu huelekeza kwenye uvimbe wa viungo au mkono uliokaa muda mrefu bila kutumika.

Wanaojifunza kazi hii waelewe pia kwamba si kila mstari mweusi ni ufa. Mishipa ya damu hupenya mfupa kwa njia nyembamba zenye kingo laini. Mifupa midogo ya ziada, ya duara, huwepo kwa watu wazima wasio na tatizo lolote. Kwa watoto, bamba la ukuaji huacha pengo jeusi la kawaida: kwenye pingili na kwenye mfupa wa kiganja wa kidole gumba pengo hilo liko upande wa kifundo, na kwenye mifupa minne mingine ya kiganja liko upande wa vidole. Asiyejua hili atamfunga plasta mtoto mzima.

4. Majeraha yanayopita bila kuonwa

Mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei, Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko wa radiasi karibu na kifundo kwa kutazama na kushika tu. Mvunjiko huo bado ndio unaotawala majira ya baridi Stockholm, maji yanapoganda njiani usiku na watu kuanguka wakijikinga kwa viganja. Mara nyingi huonekana bila shida. Majeraha yanayofuata ndiyo hujificha.

Skafoidi ndiyo inayovunjika zaidi kati ya mifupa minane ya kifundo. Wasikilizaji wanaombwa kunyoosha mkono mmoja na kuinua kidole gumba juu: chini yake, upande wa mgongo wa mkono, panatokea kishimo kati ya kano mbili. Skafoidi iko ndani ya kishimo hicho. Mtu aliyeanguka akisikia maumivu pale anapobonyezwa, hutibiwa kama aliyevunjika hata kama picha ni safi, kwa sababu ufa wa skafoidi unaweza kukosekana katika picha za siku ya kwanza. Kifundo hufungwa, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kingo za ufa zinapoanza kuonekana. Au hupigwa mapema MRI, yaani picha ya sumaku. Sababu ya uangalifu huu ni damu. Sehemu kubwa ya damu ya skafoidi huingia kwa upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo mvunjiko wa katikati unaweza kuiacha nusu ya nyuma bila chakula ikafa. Kijana aliyepuuza maumivu kwa miezi anaweza kubaki na kifundo kibovu kwa maisha yake yote.

Lunati hupotea kwa namna nyingine. Katika picha ya ubavuni, radiasi, lunati, kapitati na mfupa wa kiganja wa kidole cha kati hukaa katika mstari mmoja, kila mmoja ukiegemea kwenye kikombe cha mwenzake. Ajali kubwa inaweza kuuvunja mpangilio huo bila kuvunja mfupa. Utafiti wa vituo kadhaa uliochapishwa mwaka 1993, wenye wagonjwa 166, ulionyesha kwamba robo ya majeraha ya aina hii hayakutambuliwa mwanzoni. Picha zilikuwepo, kilichokosekana ni mpangilio wa kuzisoma.

Shingo ya mfupa wa kiganja wa kidole cha mwisho huvunjika kwa ngumi. Picha huonyesha kupinda kwake, lakini haionyeshi vizuri kama kidole kimejizungusha. Hilo hupimwa kwa kumwomba mgonjwa akunje ngumi: vidole vyote vinapaswa kuelekea kwenye skafoidi, na kinachompanda mwenzake kimejizungusha. Kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole baada ya ugomvi kitazamwe kwa uzito, maana jino la mtu huweza kufika kiungoni na kuacha vijidudu ndani.

Kwenye shina la kidole gumba, mvunjiko alioueleza Edward Bennett wa Dublin mwaka 1882 huacha kipande kidogo mahali pake huku mfupa mzima ukivutwa na kano kando. Kipande kinaonekana kidogo, lakini kiungo kimevurugika, na mara nyingi hutaka mkono wa mpasuaji. Kwenye ncha ya kidole, kijipande kilichong'oka mgongoni mwa pingili ya mwisho hueleza kwa nini kidole hakinyooki. Kwa Stockholm, majeraha mazito ya namna hii hushughulikiwa na idara ya upasuaji wa mkono ya Södersjukhuset.

5. Viungo husimulia historia ya mwili

Picha ya mkono hutazama pia maradhi yaliyoanza kwingine mwilini. Kinachosaidia zaidi kuyatofautisha ni mahali yalipokaa.

Uchakavu wa viungo hupenda viungo vya mwisho vya vidole, vile vya katikati, na shina la kidole gumba. Nafasi ya gegedu hupungua, vijipembe vya mfupa huota pembeni, na mfupa chini ya gegedu huwa mweupe zaidi. Baridi yabisi hushika viungo vya mwanzo vya vidole, pale kiganja kinapoishia, viungo vya katikati na kifundo, mara nyingi mikono yote miwili. Dalili zake ni mifupa iliyofifia kando ya viungo na vijishimo vilivyolika kingoni. Lakini katika miezi ya mwanzo picha ya baridi yabisi inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Mgonjwa aliyevimba asiambiwe kwamba haumwi eti kwa kuwa picha ni safi. Vipimo vya damu na ultrasaundi vina nafasi yao. Jongo huacha mashimo yenye ukingo unaoning'inia, mbali kidogo na kiungo, huku nafasi ya kiungo ikibaki kwa muda mrefu.

Yapo maradhi ambayo daktari wa Ulaya ya Kaskazini huyaona kwa nadra, lakini familia za Afrika Mashariki huyajua. Mtoto mdogo mwenye selimundu, hasa kati ya miezi sita na miaka miwili, anaweza kuvimba vidole na miguu kwa maumivu makali. Siku za kwanza picha huonyesha nyama iliyovimba tu. Baada ya wiki moja au mbili mfupa hutoa tabaka jipya kingoni, na sura yake hufanana na mfupa ulioshambuliwa na vijidudu. Asiyefikiria selimundu atasoma ugonjwa mwingine. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye pingili ya kidole na kuivimbisha kutoka ndani, kwa polepole na bila homa kubwa. Mzazi akieleza asili ya familia na maradhi yaliyomo katika ukoo, humpa daktari ufunguo ambao picha peke yake haina.

La tatu ni riketsi, ugonjwa wa mifupa laini unaoleta matege. Stockholm iko nyuzi 59 kaskazini, na katika miezi ya baridi jua lake halitoshi kuitengenezea ngozi vitamini D. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Picha ya kifundo cha mtoto huonyesha ugonjwa mapema: mwisho wa radiasi na ulna hupanuka, hubonyea, na ukingo wake hukatikakatika. Matibabu yakianza, mstari mweupe wa uponaji huonekana baada ya wiki chache. Sweden huwapa watoto matone ya vitamini D kuanzia wiki ya kwanza hadi umri wa miaka miwili, na baadhi ya watoto huweza kushauriwa kuendelea baada ya hapo. Mwaka 2018 sheria ya kuongeza vitamini D katika maziwa na vyakula vingine ilipanuliwa. Wazazi waliopo wanaombwa wasiyaache matone kwa kudhani ni jambo dogo.

6. Ukomavu wa mfupa si umri wa mtu

Mtoto huzaliwa mifupa ya kifundo ikiwa gegedu tupu. Kapitati na hamati hutokea kwanza, katika miezi ya mwanzo ya maisha. Trikwetramu na lunati hufuata kati ya miaka miwili na minne, kisha mifupa mingine, na pisifomu huja mwisho, karibu na miaka tisa hadi kumi na miwili. Kuanzia balehe mabamba ya ukuaji hufunga kwa mpangilio: pingili za ncha mapema, radiasi mwisho. Mpangilio huo ndio unaowezesha kukadiria kile kiitwacho umri wa mifupa.

Njia inayotumika zaidi ni atlasi ya William Greulich na Idell Pyle, iliyochapishwa mwaka 1950 na kurekebishwa mwaka 1959. Msomaji hulinganisha picha ya mkono wa kushoto na picha za atlasi, akachagua iliyo karibu zaidi. Njia nyingine, ya Tanner na Whitehouse, huupa kila mfupa alama na kuzijumlisha. Kwa tiba njia hizi zina faida kubwa. Daktari wa watoto hujua kama mtoto mfupi atarefuka bado, kama homoni za ukuaji zinafanya kazi, kama balehe imekuja kabla ya wakati wake. Katika maswali hayo umri wa kweli unajulikana, na picha hueleza ukomavu.

Tatizo huanza swali linapogeuzwa, pale ukomavu unapojulikana na umri ukatafutwa. Embe mbili zilizochanua siku moja haziivi siku moja. Vijana wa umri mmoja, wenye afya, hutofautiana: katika miaka ya balehe mkengeuko wa kawaida ni takriban mwaka mmoja, kwa hiyo hata makadirio mazuri huacha mwanya wa karibu miaka miwili kila upande. Aidha, watoto wa atlasi walikuwa Wamarekani weupe wa Cleveland, wa familia zenye uwezo, waliopigwa picha kati ya mwaka 1931 na 1942. Lishe, maradhi ya muda mrefu na hali ya maisha huchelewesha mifupa. Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta mifupa ya watoto ikiwa nyuma ya umri wao kwa wastani wa takriban miezi 20. Kwa upande mwingine, balehe ya mapema na unene huweza kuiharakisha, na msichana hukomaa mapema kuliko mvulana.

Afrika Mashariki imeyaona maswali haya uwanjani. FIFA ilianza kutumia MRI ya kifundo katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, na Shirikisho la Soka la Afrika hutumia kipimo hicho katika mashindano ya umri huo, ambayo fainali zake za mwaka 2019 zilichezwa Tanzania. MRI ilichaguliwa kwa kuwa haina mionzi ya eksirei. Hapo swali ni jembamba: je, bamba la radiasi la mvulana limefunga kabisa? Kama limefunga kabisa, ni vigumu sana kuwa hajafika miaka 17. Lakini bamba lililo wazi halithibitishi kwamba ni mdogo, na kanuni hiyo ilitengenezwa kwa wavulana tu.

Sweden nayo imepita njia ndefu. Mwaka 2012 Socialstyrelsen, mamlaka ya afya na ustawi, ilitoa mwongozo uliojumuisha picha za mkono na meno katika kukadiria umri wa vijana waomba hifadhi. Mwaka 2015 nchi ilipokea waomba hifadhi 162,877, kati yao watoto 35,369 waliofika bila wazazi, na swali la umri likawa zito. Mwaka 2017 Rättsmedicinalverket, mamlaka ya tiba ya sheria, ilianza kutumia picha za meno ya mwisho na MRI ya goti, na mkono ukaachwa. Sababu inaeleweka. Mifupa mingi ya mkono hufunga kabla ya miaka 18, kwa hiyo mkono uliokomaa hauwezi kutenganisha miaka 17 na 19, mpaka ambao sheria inautaka. Goti na jino navyo vina mipaka yao, na mjadala wa wataalamu wa Sweden kuhusu mipaka hiyo umekuwa mkali. Kanuni inayobaki ni kwamba picha hutoa uwezekano, na uamuzi wa kisheria unapaswa kuutamka uwezekano huo wazi, kuuweka pamoja na maelezo ya kijana, hati zake, na kumbukumbu za wanaomjua, na kumpa kijana nafuu ya shaka pale inapobaki.

Wengi waliopo wanajua kwamba tarehe 1 Januari imejaa katika hati za watu waliozaliwa mahali pasipo na usajili. Tarehe hiyo iliandikwa na karani. Mfupa hauwezi kuirekebisha kwa usahihi wa siku wala wa mwaka, na asiyekuwa na cheti asihesabiwe mwongo kwa sababu hiyo peke yake.

7. Taarifa iliyoandikwa ni ya mgonjwa pia

Picha husomwa na mtaalamu wa radiolojia, ambaye huandika taarifa. Taarifa nzuri hueleza kilichoulizwa, kilichoonekana, kisichoonekana, na hatua inayofuata. Neno “hakuna mvunjiko unaoonekana” ni tofauti na “hakuna mvunjiko”, na tofauti hiyo ndiyo iliyojadiliwa katika habari ya skafoidi.

Mgonjwa wa Sweden anaweza kusoma kumbukumbu zake za matibabu kwa kuingia katika huduma ya 1177, na sheria ya wagonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2015 inampa haki ya kupewa maelezo anayoyaelewa. Asiyekimudu Kiswidi aombe mkalimani mapema. Mtoto wa nyumbani asibebeshwe kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa wa mzazi wake. Maswali manne yanatosha kumwongoza mtu yeyote: Picha ilipigwa kutafuta nini? Imeonyesha nini? Ni nini ambacho haiwezi kuonyesha? Maumivu yakiendelea, nirudi lini? Majibu yaandikwe, yahifadhiwe pamoja na tarehe ya picha. Anayesafiri kwenda Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kwa matibabu zaidi aombe nakala ya picha, siyo taarifa peke yake, maana daktari wa pili anahitaji kujionea.

Hitimisho

Kompyuta sasa zinashiriki katika kazi ya kusoma picha za mikono. Mwaka 2017 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani Kaskazini kiliandaa shindano la kukadiria umri wa mifupa kwa kutumia zaidi ya picha 14,000 za mikono ya watoto, na programu iliyoshinda ilikuwa na kosa la wastani la takriban miezi minne na robo, ikilinganishwa na usomaji wa wataalamu. Programu nyingine hutafuta mivunjiko na kuiwekea alama kabla daktari hajaifungua picha. Kwa hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa radiolojia, msaada huo unaweza kuokoa mikono mingi.

Lakini programu hujifunza kutoka kwenye picha inazolishwa, na picha za shindano lile zilitoka hospitali za California na Colorado. Kosa dogo lilipimwa kwa watoto wa aina hiyo, na kulinganishwa na ukomavu, si na cheti cha kuzaliwa. Ili chombo kimfae mtoto wa Tabora, Kisumu, Bukavu au Skärholmen, lazima picha za watoto kama hao ziwemo katika kukifundisha na katika kukipima, pamoja na tarehe za kuzaliwa zilizothibitishwa. Kazi hiyo ni ya hospitali na vyuo vya Afrika Mashariki, na vijana wetu wanaosoma udaktari, uhandisi na takwimu Stockholm wana nafasi ya kuishika wakiwa huku na kuipeleka kule. Usajili wa watoto wanapozaliwa uende sambamba nayo, kwa sababu mtoto mwenye cheti hatahitaji kamwe kuulizwa umri wake kupitia mifupa.

Wakati huo ukisubiriwa, utaratibu uliotajwa leo unatumika kesho asubuhi: jina na upande, ubora, swali, nyama, mstari, mifupa, viungo, weupe, kisha mipaka ya kilichoonekana. Wanafunzi waufanyie mazoezi kwa kila picha, iwe ngumu au nyepesi. Wagonjwa waulize maswali yao manne bila haya.